Maswali na Majibu: Skripti Nyingi, Hifadhidata Moja

Barua za safari hii karibu zote zinahusu skripti kadhaa zinazotegemea hifadhidata ile ile. Tumezifupisha, lakini ujumbe wa hitilafu tumeuacha jinsi ulivyoletwa, maana mara nyingi humo ndimo lilimo nusu ya jibu.

SWALI: Nina skripti 40 za PHP. Kila moja inaanza na mistari mitano ile ile ya kufungua MySQL, nywila ikiwa humo humo. Nywila ilipobadilishwa nilihariri faili 38, mbili nikazisahau. Nataka nifungue muunganisho mara moja tu, skripti zote 40 ziutumie. Niuweke wapi?
*Mhariri wa faili 40*

JIBU: Umefunga mambo mawili katika kitita kimoja. La kwanza ni maelezo ya kuunganisha: anwani ya seva, jina la mtumiaji, nywila, usimbaji wa herufi. Hayo yanapaswa kukaa mahali pamoja, na kila skripti iyachukue hapo. La pili ni muunganisho wenyewe, yaani soketi iliyo wazi kati ya mchakato mmoja (programu moja inayoendeshwa) na seva. Huo haugawanywi. Skripti ya PHP ikimaliza kazi, vigeu vyake vyote hufutwa na muunganisho hufungwa, hata kama hukuandika mstari wa kuufunga. Hutapata muunganisho mmoja wa skripti 40, ila utapata njia moja ya kuufungua, na hiyo ndiyo iliyokuponyoka ulipohariri faili 38.

Andika faili mbili. Ya kwanza, `mipangilio.php`, irudishe safu yenye `dsn` (anwani ya hifadhidata), `jina` na `nywila`. Ya pili, inayotumia PDO, maktaba ya PHP ya kuunganisha na hifadhidata, iwe hivi:

```php
<?php
// /srv/mfumo/siri/hifadhidata.php
function hifadhidata(): PDO
{
    static $pdo = null;
    if ($pdo === null) {
        $m = require __DIR__ . '/mipangilio.php';
        $pdo = new PDO($m['dsn'], $m['jina'], $m['nywila'], [
            PDO::ATTR_ERRMODE => PDO::ERRMODE_EXCEPTION,
            PDO::ATTR_DEFAULT_FETCH_MODE => PDO::FETCH_ASSOC,
            PDO::ATTR_EMULATE_PREPARES => false,
        ]);
    }
    return $pdo;
}
```

Kila skripti iite faili hilo kwa `require_once`, kisha popote inapohitaji data iandike `hifadhidata()->prepare(...)`. Neno `static` ndilo linalofanya kazi hapo: iite fanksheni hiyo mara 20 ndani ya ombi moja, muunganisho utafunguliwa mara moja tu. Tena skripti isiyogusa data haifungui chochote. Ukiandika `require` badala ya `require_once`, na faili mbili zikaliita hilo hilo, PHP itakoma ikilalamika kwamba fanksheni imetangazwa mara mbili.

Katika `dsn` usisahau `charset=utf8mb4`. Ukiliacha, herufi zinaweza kuharibika, nawe utahangaika na programu ya kuonyesha wakati kosa liko kwenye muunganisho.

Mahali pa faili hizi si jambo dogo. Kama seva ya wavuti inahudumia `/srv/mfumo/public`, ziweke `/srv/mfumo/siri`, ngazi moja nje. Usizipe kiishio cha `.inc`: seva nyingi hazijui kwamba hiyo ni PHP, hivyo humpa msomaji faili kama maandishi ya kawaida, nywila ikiwemo. Ruhusa za `mipangilio.php` ziwe 640, na kundi la faili liwe lile ambalo PHP inaendeshwa nalo. Tumia `__DIR__` kila unapotaja njia ya faili. Cron, inayoendesha skripti kwa ratiba, haianzi kazi katika folda ya skripti yako, na ndiyo maana njia ya mkato kama `../siri/...` hufanya kazi ukijaribu kwa mkono kisha ikafeli usiku.

Kama skripti zako zilitoka enzi za `mysql_connect`, iliyoondolewa katika PHP 7.0 mwaka 2015, kuna mtego hapa. Ile ya zamani ikiitwa mara ya pili kwa maelezo yale yale ilirudisha muunganisho uliokwisha kuwapo. `mysqli_connect`, mrithi wake, haifanyi hivyo. Kila ukiita unafungua mpya. Aliyebadilisha majina tu, akaacha mwito ndani ya fanksheni tano, sasa ana miunganisho mitano kwa kila ukurasa bila kujua.

Wengine watakushauri uwashe miunganisho ya kudumu, `PDO::ATTR_PERSISTENT`. Hiyo hudumu ndani ya mchakato mmoja wa PHP, haigawanywi kati ya michakato, na hubeba mabaki ya skripti iliyotangulia: majedwali ya muda na mipangilio ya `SET`. Mysqli yenye `p:` mbele ya jina la seva husafisha mabaki hayo kabla ya kukupa muunganisho. Kama seva ya MySQL iko kwenye mashine ile ile, kufungua upya ni kazi ya muda mfupi sana. Iache.

SWALI: Skripti ya kwanza inaandika oda, ya pili inapunguza bidhaa ghalani. Zote zinatumia faili moja la muunganisho. Ya pili ikifeli, oda inabaki. Nilidhani BEGIN ya kwanza ingezifunika zote mbili.
*Oda bila bidhaa*

JIBU: Muamala, yaani kundi la mabadiliko linaloanza na `BEGIN` na kuthibitishwa au kubatilishwa kwa pamoja, ni mali ya muunganisho ulioufungua, si ya faili la mipangilio. Skripti mbili zinazoendeshwa mbali mbali ni michakato miwili, hivyo miunganisho miwili, hivyo miamala miwili. Ya kwanza ilipokwisha, muamala wake ulikuwa umeshathibitishwa, na hakuna kitu ambacho ya pili ingeweza kukirudisha nyuma.

Zigeuze skripti hizo ziwe fanksheni mbili zinazopokea muunganisho kama hoja: `andikaOda($pdo, ...)` na `punguzaGhala($pdo, ...)`. Skripti moja ya juu ndiyo ianze muamala, iziite zote mbili, ithibitishe, au ibatilishe kosa likitokea. Fanksheni za ndani zisiandike `BEGIN` zenyewe. Katika MySQL, `BEGIN` ya pili huthibitisha kimya kimya kila kilichofanywa na ya kwanza, na hapo usalama wote umekwisha. PostgreSQL hutoa onyo tu kwamba muamala tayari upo. Katika MySQL pia, `CREATE TABLE` au `ALTER TABLE` katikati ya muamala huuthibitisha bila kukuuliza. `CREATE TEMPORARY TABLE` haina madhara hayo.

Kama lazima ziwe skripti mbili, pengine kwa sababu ya pili hufanya kazi baadaye, basi usitafute muamala wa pamoja. Ya kwanza iandike oda yenye safu ya `hali` ikisema `inasubiri`. Ya pili ichukue oda hizo kwa `SELECT ... FOR UPDATE SKIP LOCKED`, ipunguze ghala na kubadilisha hali ndani ya muamala mmoja. `SKIP LOCKED` ipo tangu PostgreSQL 9.5 na MySQL 8.0, na inakuruhusu kuendesha nakala tatu za skripti ya pili bila oda moja kushikwa mara mbili.

Kuna hali moja ambapo skripti tofauti zinaweza kukubaliana, na hiyo ni kusoma. Katika PostgreSQL, muunganisho mmoja ukiita `pg_export_snapshot()` ndani ya muamala hupata kitambulisho. Muunganisho mwingine ukianza `BEGIN ISOLATION LEVEL REPEATABLE READ` kisha, kabla ya ulizo lolote, ukaandika `SET TRANSACTION SNAPSHOT` na kitambulisho hicho, zote mbili zitaona data ya sekunde ile ile. Muamala uliotoa kitambulisho sharti uwe bado wazi wakati wengine wanakichukua. `pg_dump` yenye `-j` hufanya hivyo ili nakala inayotolewa na miunganisho kadhaa isipishane.

SWALI: Kila siku kati ya saa nne na saa sita asubuhi tunapata "Too many connections", nambari 1040. Tumeongeza kikomo kutoka 151 hadi 500, kosa limepungua ila seva imekuwa nzito. Tuongeze tena?
*Msimamizi wa zamu ya asubuhi*

JIBU: Msiongeze. Hesabuni kwanza. Ile 151 ni chaguomsingi la MySQL. PostgreSQL huanza na 100, na kati ya hizo 3 hutengewa msimamizi mkuu, hivyo skripti za kawaida zinapigania 97 na ujumbe wake huanza na "remaining connection slots are reserved". Nambari hizo ni za seva nzima. Skripti hazishiriki muunganisho, lakini zote zinashiriki kikomo, na hapo ndipo moja isiyo na adabu inapozinyima zote zilizobaki.

Chukueni karatasi muandike kila anayeweza kuunganisha, na idadi yake ya juu kabisa. Tuseme mna seva mbili za wavuti, kila moja ina `pm.max_children = 60`, yaani michakato ya PHP isiyozidi 60, na miunganisho ya kudumu imewashwa: hapo ni 120. Michakato 8 ya kushughulikia foleni, kila mmoja una akiba (pool) ya miunganisho 5 iliyo wazi tayari: 40. Skripti 6 za cron: 6. Wasimamizi wawili wenye programu za kuchungulia data: 2. Jumla 168. Kikomo cha 151 kingevunjika hata bila hitilafu yoyote, siku wateja watakapokuwa wengi. Tazameni ile 40. Mchakato wa foleni unaofanya kazi moja kwa wakati mmoja unahitaji muunganisho mmoja; mingine minne imekaa bure. Punguzeni akiba iwe 1, jumla inashuka hadi 136, nanyi hamjagusa seva.

Baada ya karatasi, angalieni hali halisi wakati kosa linatokea. Katika MySQL, `SHOW STATUS LIKE 'Max_used_connections'` inasema kilele kilichofikiwa tangu seva iwashwe, na `SHOW FULL PROCESSLIST` inaonyesha nani yupo sasa. Wengi wakiwa katika hali ya `Sleep` kwa sekunde mamia, tatizo ni miunganisho inayoshikiliwa bila kazi. Wengi wakiwa wanatekeleza ulizo lile lile, tatizo ni ulizo zito, pengine jedwali lisilo na faharasa. Maombi yanarundikana nyuma yake na kila moja limeshika muunganisho. Kuongeza kikomo katika hali hiyo ya pili ni kuruhusu rundo liwe kubwa zaidi, na ndivyo mlivyoona: kosa likapungua, uzito ukazidi.

Kwa wenye PostgreSQL ulizo la kuanzia ni hili:

```sql
SELECT usename, application_name, state, count(*)
FROM pg_stat_activity
WHERE backend_type = 'client backend'
GROUP BY 1, 2, 3 ORDER BY 4 DESC;
```

Litakufaa tu kama kila skripti imejitambulisha. Skripti inayotumia libpq, maktaba ya PostgreSQL ya kuunganisha, zikiwemo zile za Python zenye psycopg, husoma jina lake kutoka kigeu cha mazingira, hivyo katika cron andika `PGAPPNAME=ripoti_usiku python3 ripoti.py`. Bila hivyo utaona miunganisho 60 isiyo na jina, na hutajua uanzie wapi.

Hali ya kuogopwa katika jibu hilo ni `idle in transaction`: skripti imeanza muamala, ikaenda kufanya jambo lingine, mathalani kusubiri jibu la seva ya nje au kutuma barua pepe, huku imeshikilia kufuli na kuizuia `VACUUM`, kazi ya usafi ya PostgreSQL, isiondoe mistari iliyokufa. Weka `idle_in_transaction_session_timeout` iwe, tuseme, `60s`. Ipo tangu toleo la 9.6. Kisha rekebisha skripti yenyewe: tuma barua pepe baada ya `COMMIT`, kamwe si kabla.

Mwisho, mpe kila mmoja jina lake la kuingilia na mpaka wake. `ALTER ROLE ripoti CONNECTION LIMIT 5` kwa PostgreSQL, `ALTER USER 'ripoti'@'%' WITH MAX_USER_CONNECTIONS 5` kwa MySQL. Siku skripti ya ripoti itakapopagawa, itajinyima yenyewe, na tovuti itaendelea.

Ikiwa baada ya yote hayo kikomo kweli ni kidogo, fahamuni gharama. MySQL hukubali `SET GLOBAL max_connections` papo hapo. PostgreSQL huhitaji kuwashwa upya, na kila muunganisho ni mchakato kamili wa mfumo wa uendeshaji. `work_mem`, ambayo huanza na MB 4, si kipimo cha muunganisho mzima. Ni cha kila hatua ya kupanga au kulinganisha ndani ya ulizo, na ulizo moja linaweza kuwa na hatua kadhaa.

SWALI: Skripti mbili, seva moja, nywila moja. Yenye `localhost` inaingia MySQL, yenye `127.0.0.1` inakataliwa. Si kitu kimoja?
*Nashangaa*

JIBU: Kwa MySQL kwenye Linux, `localhost` maana yake ni faili la soketi la mashine hiyo, na `127.0.0.1` ni TCP, yaani njia ya mtandao. Ukiandika `localhost` pamoja na nambari ya poti, programu nyingi hupuuza poti. Kukataliwa kunaweza kutokana na ruhusa zilizotolewa kwa `'jina'@'localhost'` pekee, au seva kuwa imezimiwa mtandao. Chagua moja, uiandike katika faili la mipangilio, zote ziifuate.

SWALI: Skripti ya Python inafungua muunganisho wa PostgreSQL juu kabisa ya faili, kisha inagawa kazi kwa michakato 4 ya `multiprocessing`. Mara inafanya kazi, mara inatoa "SSL error: decryption failed or bad record mac", na mara moja mchakato ulipokea majibu ya ulizo la mwenzake!
*Michakato minne*

JIBU: Mliyoyaona ni yale yale ya soketi isiyogawanyika, ila hapa ugawaji umefanyika bila kukusudia. Kwenye Linux, mchakato unapojigawa kwa njia ya fork, watoto hurithi nakala ya kila soketi iliyokuwa wazi. Nakala nne, waya mmoja. Kila mtoto anaandika ujumbe wake na kusoma majibu kwenye mkondo ule ule bila zamu. Anayewahi kusoma huchukua, hata kama si lake. Kama mawasiliano yamesimbwa, hesabu za usimbaji hutofautiana kati ya watoto, na hapo ndipo linapotoka lile kosa la "bad record mac". Mtoto mmoja akiufunga muunganisho rasmi, ujumbe wa kuaga hufika kwa seva na wote wanne wanabaki bila kitu.

Dawa ni kufungua baada ya kugawa. `Pool` ya `multiprocessing` ina hoja ya `initializer`: mpe fanksheni inayofungua muunganisho na kuuweka katika kigeu cha moduli, nayo itaitwa mara moja ndani ya kila mtoto. Wenye SQLAlchemy, maktaba ya Python ya hifadhidata, wanaweza kuacha `engine` juu ya faili, mradi mtoto aite `engine.dispose(close=False)` kabla ya ulizo la kwanza. Hiyo `close=False` inamwambia aiache miunganisho ya mzazi bila kuifunga. Tatizo hili huwapata pia wanaoendesha Gunicorn, seva ya wavuti ya Python, kwa `--preload`, kwa sababu hiyo hiyo. Python 3.14 imeacha fork kama njia ya kawaida kwenye Linux, lakini msiitegemee. Msimbo wenu utaendeshwa kwenye matoleo ya zamani kwa miaka.

Kwa nyuzi (threads) za mchakato mmoja hali ni tofauti kidogo, na ya hila zaidi. Psycopg2 inaruhusu nyuzi kadhaa kutumia muunganisho mmoja, hivyo hakuna kitakacholipuka. Lakini muamala ni mmoja. Uzi wa kwanza ukithibitisha, unathibitisha pia kazi nusu ya uzi wa pili. Ukibatilisha, unafuta ya mwenzake. Mpe kila uzi wake kutoka akiba, kwa mfano `ThreadedConnectionPool(1, 4, ...)`, na urudishe kwa `putconn` ndani ya `finally`. Ukisahau kurudisha mara nne, mwito wa tano utapata kosa la akiba kuisha, na PostgreSQL haitakuwa na hatia.

Na kwa kuwa mko huko: katika psycopg2, `with conn:` haifungi muunganisho. Inathibitisha au kubatilisha muamala, basi. `sqlite3` ya Python ni vivyo hivyo, ilhali psycopg ya 3 inaufunga. Wengi wanavujisha miunganisho hapo huku msimbo unaonekana safi. Kwa psycopg2 ufungeni kwa `contextlib.closing`.

SWALI: Skripti yangu inasoma MySQL, inachakata faili kwa saa nyingi, kisha inataka kuandika matokeo. Inapata "MySQL server has gone away". Niongeze `wait_timeout`?
*Skripti ndefu*

JIBU: `wait_timeout` huanza na sekunde 28,800, yaani saa 8, ingawa watoa huduma wengi huishusha. Muunganisho usiotumika ukipita hapo, seva huukata, nawe utajua tu unapoandika tena. Mara nyingine mkataji ni ukuta wa moto katikati, ambao hautoi taarifa kwa upande wowote.

Kuongeza muda ni kuahirisha. Soma, funga, chakata, fungua upya, andika. Skripti haina sababu ya kushika muunganisho wakati inahesabu. Kama ni programu ya kudumu yenye akiba, katika SQLAlchemy weka `pool_pre_ping=True`, ambayo hujaribu muunganisho kabla ya kukupa, na `pool_recycle=1800`, yaani usitumie wenye umri zaidi ya nusu saa; muda huo uwe chini ya `wait_timeout` ya seva yako.

Tahadhari na msimbo unaojiunganisha upya wenyewe katikati ya kazi. Muunganisho mpya hauna muamala wa zamani, majedwali ya muda, wala kufuli. Ukiendelea na nusu ya pili ya muamala juu yake, utaandika nusu ya data. Anza muamala wote upya.

Na kabla ya yote, kama kosa linatokea papo hapo badala ya baada ya saa nyingi, huenda si muda: ujumbe mkubwa kuliko `max_allowed_packet` hutoa maneno hayo hayo.

SWALI: Tuna skripti tatu za cron zinazoandika kwenye faili moja la SQLite. Kila baada ya siku chache: "database is locked".
*Faili moja, wenyewe watatu*

JIBU: SQLite haina seva, kwa hiyo hakuna miunganisho ya kuisha, kuna kufuli la faili tu. Mwandishi ni mmoja kwa wakati mmoja, hilo halibadiliki. Kinachobadilika ni kama wengine watasubiri au watakata tamaa.

Endesha `PRAGMA journal_mode=WAL` mara moja, ili mabadiliko yaandikwe kwanza katika faili la pembeni; hukumbukwa ndani ya faili, na tangu hapo wasomaji hawamzuii mwandishi, wala yeye hawazuii. `PRAGMA busy_timeout=10000` haikumbukwi: kila skripti iiandike kila inapofungua. Ndivyo ilivyo pia kwa `PRAGMA foreign_keys=ON`, ambayo ikisahauliwa katika skripti moja tu kati ya tatu, hiyo moja itaingiza data yatima.

Bado unaweza kupata kosa lile lile papo hapo, licha ya kuruhusu sekunde 10. Sababu ni muamala ulioanza kwa kusoma kisha ukataka kuandika. Kama mwingine ameandika katikati, SQLite haiwezi kukusubirisha, maana ulichokisoma kimepitwa. Hurudisha kosa bila kungoja. Skripti inayojua itaandika ianze na `BEGIN IMMEDIATE`, ichukue zamu yake tangu mwanzo, na humo subira inafanya kazi.

Faili lisiwe kwenye folda ya mtandao; WAL hutegemea kumbukumbu inayoshirikiwa ndani ya mashine moja. Na msinakili faili kwa `cp` wakati skripti zinaendelea. Maandiko ya karibuni yanaweza kuwa bado katika faili la `-wal`. Tumieni amri ya `.backup`, au `VACUUM INTO`.

Kama kuna skripti ambayo wakati mwingine haijamaliza zamu yake inapoanza tena, izuie huko huko kwenye cron: `flock -n /tmp/ripoti.lock python3 ripoti.py`. Nakala ya pili itaondoka kimya. Hii inafaa kwa hifadhidata yoyote ile.

SWALI: Tumeambiwa tuweke PgBouncer ili skripti zetu zote zishiriki miunganisho. Hiyo si inapingana na mnavyosema, kwamba muunganisho haushirikiwi?
*Mwenye shaka*

JIBU: Haipingani. PgBouncer ni mchakato mmoja unaomiliki miunganisho halisi ya PostgreSQL. Skripti zinaunganisha kwake, kwenye poti 6432, na kila moja bado ina muunganisho wake mwenyewe hadi hapo. Yeye ndiye anayeazimisha ile halisi kwa zamu, wala skripti mbili haziishiki kwa wakati mmoja.

Faida inategemea `pool_mode`. Chaguomsingi ni `session`: skripti inashika muunganisho halisi hadi iondoke, kwa hiyo zilizokaa bila kazi bado zinaushikilia. Wengi huweka hiyo na kushangaa mbona hakuna kilichobadilika. `transaction` ndiyo inayorudisha muunganisho kila muamala unapokwisha, na hapo skripti 300 zinaweza kutosheka na miunganisho 20.

Gharama yake ni kwamba chochote kinachoishi nje ya muamala hakina uhakika. `SET` ya kikao inaweza kumwangukia mwingine. Tumia `SET LOCAL`. `LISTEN` haifanyi kazi. Kufuli za `pg_advisory_lock` hubaki kwenye muunganisho ambao si wako tena, tumia `pg_advisory_xact_lock`. Maulizo yaliyotayarishwa mapema yanakubalika tangu toleo la 1.21 la mwaka 2023, mradi `max_prepared_statements` iwe zaidi ya sifuri.

Katika mipangilio, `default_pool_size` huanza na 20, lakini hiyo ni kwa kila jozi ya mtumiaji na hifadhidata. Majina matano ya kuingilia kwenye hifadhidata moja ni 100, na 97 zile za PostgreSQL zimeshapitwa. Weka pia `max_db_connections` kama mpaka wa jumla. `max_client_conn` huanza na 100. Kwa skripti 300 lazima uipandishe, na mara nyingi utahitaji kupandisha pia idadi ya faili ambazo mchakato unaruhusiwa kufungua.

Ikishakaa, ingia kwenye hifadhidata yake ya usimamizi iitwayo `pgbouncer` na uandike `SHOW POOLS`. Tazama safu ya `cl_waiting`. Ikiwa juu ya sifuri kwa muda mrefu, skripti zinapanga foleni: ama akiba ni ndogo, ama kuna mmoja anayeacha muamala wazi. `pg_dump` na skripti za kubadilisha muundo wa majedwali zipitishe moja kwa moja kwenye poti 5432.